Somo kwa Vikundi vya Jamii: Kumweka Karibu Anayekuunga Mkono



Kando ya barabara ya Likoni kuelekea Ukunda, na katika mitaa yote ya wadi ya Shika Adabu, vikundi vya jamii ni vingi. Kuna vikundi vya kina mama vinavyoweka akiba na kusomesha mayatima. Kuna vya vijana vinavyosafisha fuo na mitaro, vya wazazi vinavyosimamia chakula cha shule, na vya watu wenye ulemavu vinavyotafuta viti vya magurudumu. Vingi vina cheti, vina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na vina watu waliowahi kuvichangia.

Tatizo huja baada ya mchango. Siku ya harambee watu hutoa, majina husomwa, makofi hupigwa. Baada ya hapo ni kimya. Aliyetoa shilingi 1,000 hajui kama tangi la maji lilinunuliwa, limewekwa wapi, wala nani ana ufunguo wa mfereji. Mwaka unaofuata akiombwa tena hakatai. Husema "nitaangalia", na basi. Viongozi hulaumu ugumu wa maisha, na kweli maisha ni magumu. Lakini mtu huyo huyo amechangia matanga mawili na harusi moja mwezi uliopita, kwa sababu kule aliona pesa yake imefanya nini.

Hasara ya kimya hiki hawaipati viongozi. Anayeipata ni mtoto aliyelipiwa karo muhula wa kwanza, akarudishwa nyumbani muhula wa pili. Ndiyo maana somo la toleo hili ni mawasiliano: namna kikundi kidogo kinavyoweza kutumia simu, intaneti, redio na ubao wa matangazo kuwaweka karibu watu wanaokiunga mkono. Kompyuta si lazima. Yatosha simu moja yenye intaneti, daftari, na saa 2 kila wiki za mtu mmoja anayependa kazi hiyo.

1. Wajue watu wako kabla ya kuwaandikia

Vikundi vingi vikisikia neno "mfadhili" huwaza mgeni kutoka ng'ambo au kampuni kubwa. Lakini ukifungua daftari la michango utakuta wengi waliotoa ni watu wa karibu. Chukua karatasi uwagawe katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni majirani: wenye maduka, mama wa mahamri, madereva wa matatu na wa bodaboda, walimu, waumini wa msikitini na kanisani. Hawa hutoa kidogo kidogo, lakini wanakuona kila siku. Wakiridhika watakusifu bila kuombwa, na wakikasirika habari itafika mtaa mzima kabla ya jioni.

Fungu la pili ni waliohama: wenyeji wa hapa wanaofanya kazi Nairobi, Saudi Arabia, Qatar, Falme za Kiarabu, Oman au Ulaya. Hawa wana hamu ya habari za nyumbani. Picha ya shule waliyosoma huwagusa kuliko barua ndefu.

Fungu la tatu ni wanaotoa kazi na ujuzi badala ya pesa: fundi aliyerekebisha paa bure, muuguzi aliyekuja kupima sukari, kijana aliyechora nembo ya kikundi. Wengi husahaulika kwa sababu jina lao haliingii kwenye orodha ya pesa. Nao ni wafadhili, waandike.

Fungu la nne ni taasisi: kampuni, mashirika, benki, na ofisi za serikali ya kaunti na ya kitaifa. Hawa huhitaji karatasi: cheti, kumbukumbu za mikutano, hesabu na ripoti.

Kwa kila mtu andika mambo matano: jina, nambari ya simu, fungu lake, alichotoa na tarehe, na njia anayopenda kupashwa habari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu nao ni mali ya kikundi. Orodha ikiwa kwenye simu ya katibu peke yake, siku simu ikianguka majini pale feri, kikundi kimepoteza marafiki wake wote. Weka nakala kwenye daftari na nyingine kwa mweka hazina.

2. Mifano mitatu ya kujifunza

Mfano wa kwanza uko hapa bara ya Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 2000, shirika la Muslims for Human Rights, maarufu kwa jina la MUHURI, liliwasaidia wakaazi wa Changamwe kukagua miradi iliyojengwa kwa pesa za Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, yaani CDF. Wakaazi walifunzwa kusoma rekodi za miradi, wakaenda kuona majengo kwa macho yao, kisha matokeo yakasomwa katika mkutano wa hadhara. Ili watu waje, ngoma zilipigwa na michezo ya kuigiza ikachezwa barabarani. Tunachojifunza: hesabu zikisomwa pahali watu walipo na kwa namna wanayoipenda, watu husikiliza, hata zikiwa tarakimu tupu.

Mfano wa pili uko Gazi, kaunti jirani ya Kwale, ukifuata barabara hii hii kwenda kusini. Wakaazi wa Gazi na Makongeni wanasimamia mradi wa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 za mikoko. Tangu mwaka 2013 mradi umekuwa ukiuza hewa kaboni chini ya kanuni za Plan Vivo, na shirika la hisani lililoko Scotland, ACES, husaidia kuwafikia wanunuzi. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuja kuhesabu miti. Kwa hivyo kila mwaka hutolewa ripoti inayoeleza hali ya msitu na namna pesa zilivyotumika kwa mambo kama maji na elimu, na wenyeji wenyewe hushauriana juu ya miradi ya kufanywa. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Tunachojifunza: kijiji kidogo kinaweza kushika imani ya watu wa mbali kwa miaka mingi, mradi ripoti zake zitoke kwa wakati na ziwe na vitu vinavyoweza kupimwa.

Mfano wa tatu ni wa nchi nzima. Julai 2011, ukame ulipowabana watu wa kaskazini mwa Kenya, Wakfu wa Safaricom, Benki ya KCB, vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki 4, na lengo lilipitwa. M-Pesa ilikuwa imeanza miaka 4 tu kabla, mwaka 2007, na ikawawezesha watu wa kipato kidogo kutoa walipokuwa. Tunachojifunza: njia ya kutoa ilikuwa nyepesi, lengo lilikuwa moja, muda ulijulikana, na habari za kiasi kilichopatikana zilitolewa mara kwa mara. Mambo hayo manne hata kikundi cha watu 15 kinayaweza.

3. Kila chombo na kazi yake

Si lazima kikundi kiwe kila mahali. Chagua vyombo viwili au vitatu utakavyoviweza mwaka mzima.

Ujumbe mfupi wa simu. Humfikia kila mtu, hata mwenye simu ya kabambe na asiye na bando. Ujumbe mmoja huchukua herufi 160 pamoja na nafasi. Ukizidi, unalipia jumbe mbili. Utumie kwa shukrani, kwa tarehe ya mkutano na kwa taarifa fupi ya hesabu.

WhatsApp. Hapa wengi hukosea kwa kufungua grupu moja na kuwatia watu wote. Baada ya wiki mbili grupu limejaa video za siasa, matangazo ya mikopo na salamu za asubuhi. Mfadhili hunyamazisha grupu, na siku ya taarifa muhimu haoni. Afadhali kuwa na njia mbili. Wanachama wawe na grupu lao la mazungumzo. Wafadhili wapate habari kupitia orodha ya matangazo, ambapo kila mmoja hupokea ujumbe peke yake na majibu yake hurudi kwako tu. Orodha moja huchukua watu mpaka 256. Kumbuka kwamba ujumbe wa orodha humfikia tu aliyehifadhi nambari yako kwenye simu yake, basi siku ya kwanza muombe aihifadhi. Ukipenda grupu, lipange ili wasimamizi pekee ndio wanaotuma. Programu ya WhatsApp Business ni ya bure nayo, na hukuwezesha kuweka jibu la kujituma lenyewe ukiwa kazini na kuwapanga watu kwa lebo: majirani, waliohama, taasisi.

Facebook. Fungua ukurasa wa kikundi, usitumie akaunti ya mtu binafsi. Akaunti binafsi haiwezi kuzidi marafiki 5,000, na mwenyewe akihama au akikosana na wenzake huondoka nayo. Ukurasa unaweza kuwa na wasimamizi kadhaa. Ni mahali pazuri pa kuweka picha na ripoti ili anayetaka kukujua kabla ya kutoa apate pa kutazama.

Redio. Pwani bado ni ya redio. Pwani FM, Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam na Radio Kaya husikilizwa majumbani, dukani na ndani ya matatu. Usiende mikono mitupu. Andika ukurasa mmoja: kikundi ni nani, kinafanya nini, lini, wapi, na msikilizaji afanye nini. Toa mtu mmoja anayeweza kuzungumza kwa dakika 3 bila kusoma.

Baraza na ubao. Wazee wengi na watu wasiotumia intaneti ndio wenye sauti mtaani. Muombe mzee wa mtaa dakika 5 katika baraza. Bandika karatasi ya hesabu msikitini, kanisani, shuleni au kwenye duka kubwa la mtaa. Karatasi iliyo ukutani mtu huisoma akingoja chenji yake.

Kwa walio ng'ambo ongeza mambo mawili. Kwanza, saa: Saudi Arabia na Qatar ziko saa moja na sisi, lakini Falme za Kiarabu na Oman zimetutangulia kwa saa 1. Mkutano wa simu upangwe wakiwa wametoka kazini, na Ijumaa ndiyo siku yao ya mapumziko wengi wao. Pili, njia ya kutoa: majukwaa ya michango ya mtandaoni kama M-Changa, lililoanzishwa hapa Kenya mwaka 2012, huwawezesha wasio na M-Pesa kulipa kwa kadi. Hutoza ada, kwa hivyo someni masharti na mwaeleze wachangiaji.

4. Pesa zipite mahali panapoonekana

Mawasiliano mazuri juu ya hesabu mbovu ni hatari kuliko kimya. Kabla ya kutuma ombi lolote, panga hivi.

Mchango usiingie kwenye simu ya mtu binafsi. Hata awe mwaminifu kiasi gani, siku moja pesa za kikundi na za unga wa nyumbani zitachanganyika, na maneno yataanza. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti ya benki na kuomba nambari ya Paybill. Anayetuma huona jina la kikundi kabla ya kuthibitisha, na hilo peke yake humwondolea wasiwasi.

Sehemu ya nambari ya akaunti kwenye Paybill itumieni kutenganisha michango, mfumo wenu wa malipo ukiruhusu. Wa vitabu aandike VITABU, wa maji aandike MAJI. Mwisho wa mwezi mweka hazina hatakisii.

Kutoa pesa kuhitaji sahihi za watu watatu. Kila mwezi taarifa ya benki isomwe mkutanoni, na kumbukumbu ziandikwe.

Cheti kiwe hai. Vikundi vya jamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na kikundi huhitaji wanachama wasiopungua 10. Mashirika makubwa yasiyo ya kiserikali sasa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Na kabla ya kuchangisha umma kwa jumla, barabarani au sokoni, uliza kwanza kuhusu kibali, kwa sababu kuna sheria inayosimamia michango ya umma.

5. Ujumbe unaofanya kazi

Tuchukue mfano wa kubuni: kikundi cha kina mama 22 kinachotafuta shilingi 50,000 za vitabu vya Gredi 4. Soma jumbe hizi mbili.

Ujumbe wa kwanza: "Habari za asubuhi wapendwa. Mungu awabariki. Tunawaomba tena mjitolee kwa moyo mkunjufu kusaidia watoto wetu wanaoteseka. Kutoa ni moyo si utajiri. Tuma chochote."

Ujumbe wa pili: "Ahsante sana. Shs 500 zako zimefika. Tumepata 38,400 kati ya 50,000 za vitabu vya Gredi 4. Vitabu vitanunuliwa tarehe 14. Risiti ubaoni. Katibu"

Ujumbe wa kwanza una adabu, lakini haumwambii mtu chochote. Haujulishi ni watoto gani, kiasi gani kinatakiwa, kwa lini, wala zilizotolewa mwanzo zilikwenda wapi. Wa pili ni mfupi, unaingia katika ujumbe mmoja wa simu, na haukuomba. Hata hivyo aliyeupokea anajua kumebaki shilingi 11,600, na huenda akamwambia nduguye.

Kila taarifa iwe na mambo manne: kilichofanyika, kilichotumika, kilichobaki, na kinachofuata. Baada ya kununua, kikundi chetu cha mfano kinabandika hivi:

Zilizoingia: 38,400
Vitabu 64 kwa shilingi 450 kila kimoja: 28,800
Usafiri: 1,500
Ada za benki na za kutuma pesa: 850
Jumla ya matumizi: 31,150
Zilizobaki benki: 7,250
Kinachofuata: vitabu zaidi lengo likitimia, kabla muhula kufungwa.

Usiogope kuandika usafiri na ada. Mtu mzima anajua vitabu havitembei vyenyewe. Kinachomtia shaka ni hesabu ambayo kila shilingi imenunua kitabu. Na mambo yakienda kombo, kwa mfano bei imepanda au mwenye duka amechelewa, sema mapema. Habari mbaya ikitoka kwako ni taarifa, ikitoka kwa jirani ni fitina.

Mpangilio wa kutuma nao una kipimo. Kwa kila ombi moja, tuma angalau taarifa tatu zisizoomba kitu: shukrani, picha ya kazi, na hesabu. Mtu anayesikia sauti yako wakati wa shida tu hujifunza kutoshika simu.

6. Picha, majina na heshima ya watu

Picha ya mtoto analia, nguo zimeraruka, huleta pesa haraka. Lakini mtoto huyo atakua, na picha itabaki kwenye simu za watu asiowajua. Wenzake darasani wataiona. Tusijenge madarasa kwa kuvunja heshima ya wanaosoma ndani yake.

Jambo hili lina sheria pia. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka habari za mtu zikusanywe na kutumiwa kwa sababu halali, kama vile ridhaa yake, na kwa lengo aliloelezwa. Kwa mtoto, ridhaa hutoka kwa mzazi au mlezi. Habari za afya zina ulinzi zaidi. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa kikundi kidogo maana yake ni hivi:

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na eleza itawekwa wapi. Mwenye picha akibadili nia, iondoe.
Usiandike jina kamili la mtoto, shule na mtaa wake pamoja.
Usitaje ugonjwa wa mtu bila idhini yake, hata kama lengo ni kumchangia matibabu.
Orodha ya nambari za wafadhili isipewe mwanasiasa, mfanyabiashara wala kikundi kingine. Walikupa wewe.
Anayetaka kutolewa kwenye orodha atolewe siku hiyo hiyo, bila kuulizwa maswali.

Piga picha ya kazi yenyewe: mikono ikipanga vitabu, tangi likijazwa, vijana na reki ufuoni. Picha hizo hazimdhalilishi mtu na zinaonyesha pesa imekwenda wapi.

7. Jikingeni na matapeli

Kikundi kikijulikana, matapeli nao hukijua. Njia yao ya kawaida ni kuteka WhatsApp ya katibu kisha kuwaandikia wafadhili: "Paybill ina shida leo, tuma kwa nambari hii." Pesa zikienda, jina linaloharibika ni la kikundi.

Kila msimamizi awashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, wenye nambari ya siri ya tarakimu 6. Nambari ya uthibitisho inayoletwa kwa ujumbe wa simu haipewi mtu yeyote, hata akijifanya ni mwenyekiti. Waambieni wafadhili tangu mwanzo: "Hatutawahi kuwaomba mtume pesa kwa nambari ya mtu." Wafundisheni kusoma jina linalojitokeza kabla ya kutia PIN. Aliyetuma kimakosa kwa M-Pesa aupeleke ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

Nambari ya simu ya kikundi isajiliwe kwa makubaliano yaliyoandikwa, na kila ukurasa uwe na wasimamizi wawili au zaidi. Viongozi wakibadilishwa, makabidhiano yawe ya cheti, daftari, orodha ya wafadhili na nywila pia. Mara nyingi ugomvi wa uchaguzi huacha kikundi na ukurasa kisichoweza kuufungua.

8. Kazi ya siku 90

Mwezi wa kwanza: andikeni orodha ya watu wote waliowahi kuchangia, kwa mafungu yale manne. Mtumieni kila mmoja ujumbe wa shukrani bila ombi. Chagueni mtu wa mawasiliano na msaidizi wake. Hakikisheni cheti hakijaisha muda.

Mwezi wa pili: fungueni ukurasa au orodha ya matangazo. Bandikeni hesabu za mwaka uliopita, hata kama si nzuri. Ombeni nafasi katika baraza moja na redio moja.

Mwezi wa tatu: fanyeni ombi moja tu, lenye lengo moja, kiasi kamili na tarehe ya mwisho. Kila wiki toeni taarifa ya kiasi kilichofikiwa. Ndani ya siku 14 baada ya kufunga, bandikeni risiti na hesabu.

Mtajuaje mmefaulu? Msihesabu "likes". Hesabuni watu waliotoa mara ya pili. Ikiwa mwaka jana walichanga watu 60 na mwaka huu 18 kati yao wamerudi, hiyo ni asilimia 30. Andikeni nambari hiyo, na mwaka ujao mjipime nayo. Wapigieni simu watano ambao hawakurudi na mwaulize kwa upole sababu. Majibu yao ni somo kubwa kuliko hili.

Maswali ya kujadili mkutanoni

Je, leo hii mchangiaji akituuliza pesa zake zilifanya nini, nani kati yetu anaweza kumjibu bila kwenda kutafuta?
Orodha ya wafadhili wetu iko wapi, na nani ana nakala?
Ni nani aliyetusaidia kwa kazi ya mikono na hatukumshukuru?
Picha tulizotuma mwaka jana, wenyewe waliridhia?

Vikundi vinavyohitaji msaada wa usajili au kuhuisha cheti vifike katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya eneo lao. Ofisi ya msimamizi wa wadi itawaelekeza kuhusu mabaraza na mikutano ya umma iliyo karibu. Nendeni na cheti, kumbukumbu za mkutano wa mwisho na daftari la hesabu. Kama daftari halijaandikwa, anzeni leo na jina la mtu wa mwisho aliyewachangia, kisha mpigieni simu kumwambia pesa yake imefanya nini.